Mteja Akisema "Ni Mimi"

Hakuna swali ambalo wakili wa kesi za jinai huulizwa zaidi ya hili: "Unamteteaje mtu, na unajua ameua?" Huulizwa barazani Langoni, ndani ya matatu za Malindi kwenda Mombasa, hata harusini sahani ya pilau ikiwa mkononi. Jibu la haraka ni kwamba kila mtu ana haki ya wakili. Ni kweli, lakini halimtoshi aliyeuliza, kwa sababu anachotaka kujua ni kitu kingine: mteja akishafunga mlango akasema "ni mimi", wakili hufanya nini?

Kwanza, mara nyingi wakili hajui. Mteja husema nusu, shahidi husema nusu yake, na daktari aliyejaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, husema alichokiona mwilini tu. Anayeamua ni hakimu au jaji, baada ya ushahidi wote. Kesi huandikwa "Jamhuri dhidi ya fulani", na Jamhuri ina polisi, wapelelezi, mkemia wa serikali na kiongozi wa mashtaka. Fulani ana mtu mmoja, tena akiwa na bahati. Ndiyo maana mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri mwanzo hadi mwisho. Kanuni hiyo ilitiliwa mkazo na mabwana wa sheria, majaji wa ngazi ya juu kabisa Uingereza, mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington, na leo imo katika Kifungu cha 50(2)(a) cha Katiba yetu ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 25 kinaongeza kwamba haki ya kusikizwa kwa njia ya haki haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Sasa tuje kwa "ni mimi". Mshtakiwa anapokana shtaka hajala kiapo, wala hajatoa ushahidi. Anaiambia Jamhuri: thibitisha. Kwa hiyo wakili ambaye mteja wake amekiri kwake faraghani anaweza kusimama naye akikana, na hajasema uongo. Anaweza kumhoji kila shahidi wa upande wa mashtaka kuhusu alichoona, umbali, mwanga na kilichoandikwa siku ya kwanza. Anaweza kuonyesha kwamba kielelezo kilipita mikono mitano na ni miwili tu iliyotia sahihi. Upande wa mashtaka ukifunga kesi yake, anaweza kuomba mshtakiwa aachiliwe chini ya kifungu cha 210 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kwa kuwa hakuna kesi ya kujibu. Yote haya ni kupima ushahidi wa Jamhuri.

Mlango unaofungwa ni ule wa kuleta uongo mbele ya mahakama. Hawezi kumpandisha mteja kizimbani aape kwamba usiku ule alikuwa Mpeketoni kwa shemeji yake hali amekwisha kumwambia alikuwa pale pale. Hawezi kumwita huyo shemeji. Hawezi kumsukumia jirani kosa ambalo anajua jirani hakulifanya. Na hawezi kusimama mwenyewe akasema, "Mheshimiwa, mimi ninaamini mteja wangu hana hatia." Hilo la mwisho limekatazwa hata kwa mteja ambaye kweli hana hatia, maana imani ya wakili si ushahidi. Wakili anasema, "Ushahidi uliopo hautoshi," basi.

Mteja akishikilia kwamba lazima apande na hadithi yake ya uongo, wakili humweleza adhabu ya kusema uongo baada ya kiapo, humweleza pia kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba kifungu cha 211 cha Sheria ile ya Mwenendo wa Jinai kinamruhusu kutoa maelezo bila kiapo, ambayo hayahojiwi na upande wa pili lakini uzito wake ni mdogo. Uzito mdogo, lakini si kibali cha uongo: hadithi ile ile haigeuki halali kwa kuwa imesemwa bila kiapo. Akikataa yote, wakili huomba kujitoa, na sababu anayoitoa ni "sababu za kitaaluma", asiongeze neno. Akiongeza, ametoboa siri. Akiomba asubuhi ya siku ya kusikizwa, mashahidi wamekwisha kuja kwa mashua kutoka Kizingitini, hakimu ana kila sababu ya kumkatalia. Mazungumzo haya yafanyike mapema, basi, wiki kadhaa kabla.

Kuna mteja anayekuja na kitu. Panga limefungwa kwenye gunia, simu ya marehemu, nguo. Wakili asikipokee. Maneno ya mteja yana kinga, panga halina. Ukilificha au kuliharibu, umeingia katika kosa la kuharibu ushahidi, kifungu cha 116 cha Kanuni ya Adhabu, na kesho wewe ndiye utakayetafuta wakili.

Kinga yenyewe iko katika kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi: wakili hawezi kutoa alichoambiwa na mteja katika kazi yake bila ruhusa ya mteja, na wajibu huo haukomi kesi ikiisha. Ina mipaka miwili. Alichoambiwa ili kusaidia kufanya uovu hakilindwi: "Nimemuua" ni siri, "nisaidie kumtoroshea Somalia" si siri. Na uhalifu au ulaghai ambao wakili ameuona ukitendeka tangu alipopewa kazi haulindwi pia. Kifungu kinachofuata, cha 135, huku kwetu kina uzito ambao wengi hawauoni: kinga inamfunika mkalimani na karani wa wakili. Mteja wa jamii ya Boni kutoka msituni, au bibi Mgiriama ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, ataongea kupitia mtu wa tatu. Mtu huyo akiwa mkalimani wa wakili, amefungwa na siri. Akiwa mpwa wake aliyefuatana naye, mambo hayako wazi tena. Ndugu wakija ofisini, waambiwe kwa adabu, "Shikamoo mzee, tafadhali tungojeeni nje kidogo." Watakasirika, hasa kama wao ndio wanaolipa. Lakini anayelipa si mteja, na ndugu mmoja kati yao huenda akaitwa shahidi.

Kesi nyingi huharibika kabla wakili hajaonekana. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24 tangu kukamatwa. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, basi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana wanaokamatwa Ijumaa jioni ni wengi kuliko unavyodhani. Saa huanza kuhesabiwa anapokamatwa, si anapoandikwa kwenye kitabu cha matukio, OB, cha kituo. Mtu aliyeshikwa Kiunga au Faza hupelekwa Amu, yaani Lamu mjini, kwa chombo, na maji yakipwa kwenye mkondo wa Mkanda safari husubiri. Hakimu atalielewa hilo, lakini lielezwe, lisidhaniwe tu. Wakili huuliza: ulishikwa saa ngapi, na nani aliona? Kisha huomba nambari ya OB na kulinganisha. Asimwahidi mteja, hata hivyo, kwamba kuchelewa kutamfungulia. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani iliwahi kumwachilia mtu kwa sababu hiyo, katika kesi ya Albanus Mwasia Mutua. Tangu uamuzi wa Julius Kamau Mbugua wa 2010 mahakama zimeelekea kwenye fidia, na kesi ya jinai ikaendelea.

Kituoni, maneno ya wakili kwa mteja ni machache: taja jina lako, usitie sahihi usichoweza kusoma, na kuhusu kosa usiseme kitu. Maungamo mbele ya polisi hayapokelewi mahakamani isipokuwa yametolewa mbele ya afisa wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe awepo. Mtu wa tatu akiwa ni askari wa zamu, au ni mzee wa mtaa aliyeletwa na polisi, hapo kuna kazi ya kufanya. Wakili hupinga maungamo hayo yanapotaka kuingizwa, na mahakama husikiza kesi ndogo ndani ya kesi ili kuamua kama yapokelewe. Akinyamaza yakaingia, kuyatoa baadaye ni shida.

Kisha siku ya kusomewa shtaka. Maneno "kubali tu, utatozwa faini uende nyumbani" yamefunga watu wengi, na wanaoyasema ni mahabusu wenzao, wakati mwingine askari. Aliyekubali shtaka hawezi kukata rufaa juu ya hatia, ila juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Ni kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Utaratibu uliowekwa na kesi ya Adan mwaka 1973 ni wazi: shtaka na kila kiungo chake lielezwe kwa lugha anayoielewa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kiongozi wa mashtaka asome maelezo ya tukio, na mshtakiwa aulizwe kama ni kweli. Hapo katikati ndipo wakili hutega sikio. Mtu aliyeshtakiwa kwa kujeruhi akisema, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenijia na kisu," huyo hakukubali. Amejitetea, na kukubali kwake lazima kubadilishwe kuwe kukana. Ukisoma rekodi ya mahakama ya chini na ukakuta imeandikwa "Ni kweli" tu, bila kutajwa lugha ya mkalimani, rufaa yako imeanza kusimama.

Makubaliano ya kukiri kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, kama vile kukiri shtaka dogo zaidi, yaliyoingizwa kwenye sheria hiyo mwaka 2008 kupitia kifungu cha 137A na vinavyofuata, ni jambo jingine na mara nyingi ni jema. Wizi wa mabavu wa kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu adhabu yake ni kifo, ule wa 296(1) mwisho wake ni miaka 14. Tofauti iko kwenye silaha, kuwa na mwenzako hata mmoja, au kumpiga mtu kabla tu au baada tu ya kuiba. Kiungo kimoja kati ya hivyo kinatosha. Kifo hakijatekelezwa Kenya tangu 1987, lakini anayekitumikia hukaa ndani. Wakili anayekataa hata kulifikisha pendekezo kwa mteja kwa kuwa yeye anapenda kupigana anakosea. Uamuzi wa kukiri ni wa mteja, kama ulivyo uamuzi wa kutoa ushahidi au kunyamaza. Mbinu za kuhoji ndizo za wakili.

Dhamana ni haki, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Tatizo la Pwani ni makaratasi. Mdhamini kwa kawaida huombwa kitambulisho, hatimiliki ya shamba yenye uthibitisho wa ofisi ya ardhi na ripoti ya thamani, au logbuku ya gari. Kisiwani Amu usafiri wa jadi ni punda na mashua, na ardhi nyingi kuanzia Magarini hadi Hindi ya Lamu wanaoilima hawana hati zake. Mahakama ikitaja mdhamini wa shilingi 500,000, kwa familia ya mvuvi hiyo ni sawa na kunyimwa. Wakili mzuri hasubiri masharti yatangazwe ndipo aanze kulalama. Huja na habari tayari: mteja anakaa wapi, ana watoto wangapi shuleni, nani atamleta, anapata nini kwa mwezi. Huomba pesa taslimu za kiasi kinacholipika, au ripoti ya afisa wa probesheni. Masharti yakibaki makubwa, huomba Mahakama Kuu iyapitie upya.

Ushahidi wa upande wa mashtaka lazima upewe utetezi mapema. Kesi ya Cholmondeley ya 2008 iliongeza kwamba mlango haufunguki pande zote mbili: utetezi haulazimiki kufichua wake. Na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, bunge lilipopitisha sheria ya usalama mwezi Desemba, kipengele kilichotaka kuruhusu baadhi ya ushahidi ufichwe ni kimoja kati ya vifungu vinane vilivyofutwa na Mahakama Kuu Februari 2015. Wakati huo kumtetea mshukiwa wa ugaidi Lamu kulikuwa ni kutazamwa kwa jicho baya na majirani. Lakini kama kuna pahali ushahidi unahitaji kupimwa kwa mizani nyembamba, ni pale ambapo kila mtu amekwisha kukasirika.

Tuone kuhoji kulivyo, maana hapa ndipo watu hudhani kuna ujanja. Shahidi anasema alimtambua mshtakiwa usiku uchochoroni.

"Bwana shahidi, taa ilikuwa wapi?"
"Kwenye mlango wa msikiti."
"Na nyinyi mlikuwa wapi?"
"Baada ya kona."
"Kona ya kuelekea kwa kina nani?"
"Kushuka pwani."
"Kwa hiyo ukuta ulikuwa kati yenu na taa?"
"Kidogo."
"Ulipofika kituoni usiku ule ule, uliwatajia polisi jina lake?"
"Nilisema ni kijana mrefu."

Wakili hukaa. Swali moja zaidi, la "basi ulimtambuaje?", humpa shahidi nafasi ya kurekebisha yote. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitahadharisha tangu 1953, kesi ya Abdalla bin Wendo, juu ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja katika hali ngumu, na ripoti ya kwanza kituoni ndiyo kipimo chenye nguvu kuliko vyote. Kama kulikuwa na gwaride la utambulisho, huulizwa: walikuwa wangapi? Wasipungue wanane zaidi ya mshukiwa, wanaofanana naye umri, kimo na sura. Kijana wa Kibajuni akipangwa na wanane wa bara, hilo si gwaride.

Kesi za unajisi wa watoto zina maadili yake magumu. Umri ni kiungo cha kosa chini ya kifungu cha 8 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: miaka 11 kushuka, kifungo cha maisha, 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, 16 hadi 18, si chini ya 15. Kuuliza cheti cha kuzaliwa au ripoti ya daktari ya umri ni kazi halali. Kumuuliza msichana wa miaka 13 amewahi kuwa na wavulana wangapi si kazi halali. Kifungu cha 34 kinalizuia swali hilo bila ruhusa ya mahakama, na hata bila sheria, ni aibu. Halafu kuna maslaha, yaani suluhu ya nje ya mahakama. Wazee hukutana, mbuzi na pesa hupita, mama wa mtoto huacha kuja mahakamani. Wakili akibeba ujumbe huo, au akijua akaratibu, ameingia katika kifungu cha 117 cha Kanuni ya Adhabu, kuzuia mashahidi. Uamuzi wa kusitisha kesi za aina hii si wa familia, ni wa upande wa mashtaka. Familia ya mteja ikija na wazo hilo, jibu ni "hapana", kisha liandikwe barua.

Washtakiwa wawili, wakili mmoja: ni rahisi kwa mfuko, na ni hatari. Siku mmoja atakaposema "mimi nilikuwa dereva tu", wakili ana siri za wote wawili na hawezi kumtetea yeyote bila kumchoma mwenzake. Hapo hujitoa kwa wote, na pesa zimekwisha kuliwa.

Kuhusu pesa hizo. Omba barua ya makubaliano na risiti. Ada ya "nilipe nikishinda tu" sheria ya mawakili haiitambui. Hakikisha wakili ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Chama cha Mawakili kina orodha mtandaoni. Anayekwambia "toa ya hakimu" muache hapo hapo na umripoti kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Huenda hata hakimu hajui kama jina lake linauzwa. Mabroka wanaozunguka nje ya mahakama na bahasha si mawakili, na wengi wao si makarani pia.

Asiye na pesa kabisa? Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba kinataka Serikali imlipie wakili panapoweza kutokea dhuluma kubwa. Katika mauaji, ambayo kwa Malindi husikizwa na Mahakama Kuu ya hapa na kwa Lamu kwa kawaida Garsen, mahakama humteulia. Kwa wizi wa mabavu na unajisi, ambavyo husikizwa na mahakimu, wengi husimama peke yao. Kesi iliyofafanua jambo hili ilipitia hapa Malindi: Karisa Chengo, iliyofika Mahakama ya Juu mwaka 2017. Vigezo vilivyotajwa ni uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, uwezo wa kulipa, kama mshtakiwa ni mtoto, kiwango chake cha elimu, na ugumu wa kesi. Mshtakiwa anaweza kuomba mwenyewe kwa mdomo, siku ya kwanza, na aombe iandikwe kwenye rekodi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inaitaka mahakama imweleze haki hiyo.

Hukumu ikisomwa, siku 14 huanza kuhesabiwa kwa rufaa. Kama mteja amefungwa gereza la Malindi au la Hindi, ofisi ya nyaraka ya gereza ina fomu. Siku hiyo hiyo aombe nakala ya mwenendo wa kesi, na wakili aangalie kama muda wa rumande umehesabiwa kwenye kifungo, kama kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai kinavyotaka. Husahaulika mara nyingi. Akiachiliwa, aliyeweka dhamana ya pesa taslimu arudi na risiti ya awali na kitambulisho chake kuzidai.